Sumaku ya Jabali la Litipu

Uingereza
9 Oktoba 1994

Baba Urbani mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na nimenunua koti ambalo ukiniona nalo utadhani ni blanketi lililoshonewa mikono.

Nimeanza kupima mawe. Siku ile ya kuagana uliniuliza hasa nayapimia nini, nikakujibu kwa haraka. Sasa nakueleza vizuri, ili walimu wenzako wakikuuliza usibaki kukohoa. Zamani sana, kabla ziwa letu halijakuwepo, kule Lituhi kulikuwa na mito iliyomwaga mchanga. Ndani ya mchanga mna chembe za chuma, laini kuliko unga wa mahindi. Zilipokuwa zikitulia chini ya maji ziligeuka kama sindano za dira, zikaelekea kule sumaku ya dunia ilikokuwa ikizivuta wakati huo. Mchanga ukagandamana, ukawa jiwe, na chembe zikabaki vilevile. Kwa hiyo jiwe la mchanga linakumbuka kaskazini ya siku zake. Vile vipande ulivyonisaidia kufunga kwa magazeti, vyenye umbo la betri za tochi, nilivichora mshale kabla sijaving'oa mwambani. Ndiyo maana nikiwa huku mbali bado najua kila kimoja kilikuwa kimeelekea wapi.

Mawe ya kando ya mto na ya ufukweni yanasema jambo moja: nchi yetu ilikuwa mbali sana kusini, jirani na barafu. Hilo lilitegemewa. Lakini mawe ya Litipu, lile jabali la juu nyuma ya nyumba ya Mama Margareta, yameelekea kwingine kabisa, na sumaku yake ni kali kupita yote. Profesa wangu alipoona majibu alivuta kiti akaketi. Anasema huenda nimeikamata dunia ikiwa katikati ya kugeuka, maana sumaku ya dunia hugeuka mara mojamoja, kaskazini ikawa kusini. Anataka nikalieleze jambo hili kwenye mkutano wa wataalamu mwezi wa nne.

Mkono wangu haukukosea, Bernadi. Mishale yote niliichora mwenyewe.

Nimemtumia Mama Margareta shali ya sufu kwa mkono wa Padre anayerudi Mbinga. Tafadhali ifikishe Lituhi. Yule mama alinilaza kwenye kitanda chake, akanilisha usipa, vile visamaki vya ziwani, na ugali wa muhogo, na maji ya kupoza mashine ya kutobolea mwamba akanibebea kichwani mpaka juu ya jabali. Hakuniuliza hata siku moja natafuta nini.

Wabusu watoto.

Wako,
Albina


Litembo
18 Desemba 1994

Mama Urbani,

Barua yako niliisoma mara mbili mimi, na mara ya tatu nikawasomea walimu. Mwalimu wa jiografia alitikisa kichwa kana kwamba alikuwa akiyajua yote tangu utoto.

Sisi wazima. Urbani ameshika nafasi nzuri darasani, ila mwandiko wake ni wa kuku aliyekanyaga wino. Kahawa mwaka huu imetufanya tuwe kama mabinti wazuri: wanunuzi binafsi wanatufuata mpaka mlangoni na magari yao, wanatusalimia kwa majina, na chama cha ushirika kinatutazama kwa wivu. Baba yako anasema soko huria ni jambo zuri, ila hajapata kuona mchumba anayekuja na mizani yake mwenyewe.

Shali imefika. Mama Margareta aliipokea kwa mikono yake, akaivaa palepale, na anakushukuru sana.

Nimepata mama mmoja mtu mzima wa kunisaidia watoto. Aurelia amemzoea kiasi kwamba nikichelewa kurudi haulizi niko wapi.

Mvua zimeanza vizuri. Usiwe na wasiwasi wowote. Wewe soma.

Wako,
Bernadi


Uingereza
22 Januari 1995

Baba Urbani,

Umeandika mistari mingi juu ya wanunuzi wa kahawa, na mmoja tu juu ya mtu anayelala nyumbani kwangu. Ni mama gani huyo? Wa ukoo gani? Na shali umeiona ikivaliwa wapi? Barabara ya Lituhi wakati wa mvua naijua. Nikikuwazia huko kwenye tope, na shule haijafungwa, sielewi.

Sitaki kugombana kwa barua, ni ghali. Nina jambo jingine la kukuomba.

Yale mawe ya Litipu yananinyima usingizi. Sumaku yake ni kali mno. Jiwe la mchanga ni jiwe la upole, halina nguvu hizo. Nimesoma sana, na sasa nawaza radi. Radi ni umeme mwingi, na umeme ukipita mwambani unaliachia jiwe sumaku mpya inayoifunika ile ya kale. Kama Litipu limepigwa radi, basi ninachokisoma si dunia ya kale ikigeuka. Ni mvua ya juzijuzi tu. Profesa halipendi neno hilo. Ameshawaandikia wenzake kuhusu ugunduzi wetu, na anasema nisiharakishe kujitilia shaka. Lakini mimi sijitilii shaka, nalitilia shaka jiwe.

Chukua dira ya shule. Simama kwanza ufukweni, uone sindano inavyotulia. Kisha panda juu ya jabali, uiweke pembeni mwa matundu yangu, uisogeze polepole. Jiwe zima halitaisumbua sindano. Jiwe lililopigwa radi litaizungusha. Halafu niambie ukweli, hata kama utaniharibia mkutano wangu. Usinipe jibu la kunifurahisha.

Albina


Litembo
26 Februari 1995

Mama Urbani mpendwa,

Keti kwanza.

Mama anayekaa nasi ni Mama Margareta. Shali aliivalia jikoni kwako.

Mwishoni mwa Novemba mvua kubwa ilinyesha Lituhi. Mansuetus, yule mvuvi kijana aliyekuwa akikucheka ukitoboa mwamba, alikuwa ametoka kukata kuni, akajikinga chini ya jabali la Litipu. Radi ikapiga. Walimkuta amekaa, ameegemea jiwe kama mtu aliyepumzika. Ameacha mke, Notburga, na mtoto anayenyonya.

Baada ya mazishi maneno yakaanza. Kwamba tangu kilima kitobolewe kimekasirika. Kwamba wewe ulikuwa ukitafuta yakuti kama zile za Tunduru, na Margareta amekiuza kilima. Wakamwita kwenye kikao. Wakamuuliza: "Yule mgeni wako alikuwa anatafuta nini?" Akajibu kwamba hajui. Unaweza kuona jibu hilo lilivyopokewa. Notburga akasimama mbele ya wote akasema radi haiji bila mwenyewe, na mwenyewe ni huyu. Siku iliyofuata vichanja vya Margareta vya kuanikia usipa vilichomwa moto, akaambiwa ahame kabla ya mvua nyingine.

Musa mwenye duka alimficha nyuma ya magunia ya chumvi, kisha akampandisha kwenye lori la samaki mpaka Mbinga. Akanitumia ujumbe, nikaenda kumchukua. Mama Margareta mwenyewe ndiye aliyenikataza kukuandikia. Alisema, "Yule mtoto yuko kwenye mitihani. Mwache amalize, mimi sijafa." Nikakubali, maana na mimi niliogopa ungepanda ndege.

Sasa swali lako limenilazimisha kufungua mdomo. Nilikwenda Lituhi na dira. Ufukweni sindano ilitulia kama kondoo. Juu ya Litipu, Albina, ilizunguka. Niliisogeza hatua moja ikageukia ziwani, hatua nyingine ikageukia milimani. Nikadhani ni mbovu, nikashuka nayo mpaka chini, ikatulia tena. Nikapanda, ikazunguka.

Kwa hiyo huo ndio ukweli, na najua umekuharibia mkutano. Mama Margareta anakusalimu. Amemfundisha Aurelia kuhesabu kwa Kinyasa, na kuku wetu amewapa majina.

Wako,
Bernadi


Uingereza
20 Machi 1995

Bernadi,

Nilikasirika, nikatembea mvuani mpaka koti likawa zito, nikarudi. Hasira imekwisha. Mngeniambia ningepanda ndege kweli, na ningefika huko bila jambo la maana la kusema. Sasa ninalo. Nisome polepole, na umsomee Mama Margareta.

Mawe yangu niliyatoa Litipu mwezi wa sita. Mansuetus amekufa mwezi wa kumi na moja, siku ambayo mawe hayo yalikuwa kabatini huku Uingereza, yamefungiwa kwa ufunguo. Na yalikwisha kuwa na alama ya radi. Maana yake Litipu lilikuwa limepigwa kabla sijatoboa tundu hata moja. Matundu yangu hayakumwita mtu, wala Mama Margareta hakumwita mtu. Jabali limesimama juu peke yake karibu na maji, na radi hutafuta kilichosimama. Lilipigwa mwaka gani siwezi kusema, na usikubali mtu akusemeshe kwamba najua. Ninachojua ni kwamba lilipigwa kabla.

Nimemwambia Profesa. Alichukua kofia yake akaondoka, na kesho yake hakuja kazini. Siku ya tatu alikuja akaniambia, "Haya, tuyasafishe." Kuna namna ya kuiondoa sumaku ya juu kidogokidogo, mfano wa kumenya kitunguu. Tukamenya. Mawe mengine yaliisha bila kusema kitu. Lakini yale niliyoyachimba ndani zaidi yalivua radi, na chini yake ikaonekana ile kaskazini ya kale, ileile ya mawe ya mtoni na ya ufukweni. Hakuna ugunduzi wa dunia kugeuka. Kuna jabali la Lituhi linalokubaliana na wenzake. Mkutanoni nitakwenda hivyohivyo na kusema hivyo, na sitaona haya.

Nenda Lituhi na barua hii. Mwombe Joakim, mwenyekiti wa kijiji, aite watu, na watu wenyewe waishike dira, usiishike wewe. Notburga awepo akikubali. Mwambie nampa pole, na kwamba namkumbuka mume wake akicheka.

Mwambie Mama Margareta shikamoo yangu. Amepoteza nyumba kwa sababu ya kunilaza ndani yake.

Albina


Litembo
30 Aprili 1995

Mama Urbani,

Nimerudi jana, miguu imevimba, moyo mwepesi. Nakuandikia ilivyokuwa, pamoja na pale nilipoharibu.

Mwenyekiti Joakim aliita watu wakapanda Litipu. Nilisoma barua yako yote, wakasikiliza. Kisha nikampa mzee mmoja dira, nikamwambia aiweke juu ya mwamba. Sindano ikazunguka. Yule mzee aliiachia kama ameshika kaa la moto. Akawaambia wenzake, "Mmeona wenyewe. Kilima bado kina mdudu wake." Watu wakarudi nyuma, na mwingine akasema mwalimu ameletwa na Margareta kuja kumaliza kazi. Hapo nilitamani ardhi inimeze. Wewe na mimi tuliona ushahidi, Albina, wao waliona uchawi ukifanya kazi mchana kweupe.

Joakim ndiye aliyeniokoa, bila kukusudia. Aliuliza tu, "Na pale kwenye msalaba wa zamani?" Unaukumbuka ule mlima wa juu ya kanisa, ambako msalaba wa mawe ulipasuliwa na radi enzi za mapadri wa kwanza. Tukaenda wote, maana hakuna aliyetaka kubaki nyuma asijue kilichotokea. Dira safari hii aliishika Joakim mwenyewe. Chini ya msalaba sindano ikazunguka vilevile. Tukateremka mpaka kwenye mawe ya bondeni, ikatulia. Tukapanda mwamba ulio juu ya shamba la Joakim, nao uko wazi na mrefu, ikazunguka. Alinitazama akasema kwa sauti ya chini, "Na hapa kwangu?" Nikamwambia, "Na hapa kwako, Mwenyekiti. Mvua ikinyesha usije ukajikinga hapa."

Wakati wa kurudi mama mmoja akasema, kama anajisemea mwenyewe, "Msalaba ulipasuka Margareta hajazaliwa." Mwingine akamjibu, "Labda aliroga akiwa tumboni." Wakacheka. Hicho kicheko, Albina, kilifanya kazi kuliko hotuba yangu.

Notburga hakucheka. Alitembea nasi kote amembeba mtoto mgongoni, na tulipofika kijijini akaingia nyumbani kwake akafunga mlango.

Joakim ametangaza kwamba Mama Margareta arudi, na vijana waliochoma vichanja wavijenge upya. Nilimwambia Mama Margareta angoje kwanza, mioyo ipoe. Akanijibu, "Moyo wangu ulishapoa mwezi wa pili. Nilikuwa nangoja lori." Ameondoka leo asubuhi na shali mabegani, juani. Aurelia amelia mpaka amelala. Sijui atapokelewaje huko. Musa ameahidi kumwangalia.

Mkutano wako ulikwendaje? Niandikie hata mstari mmoja.

Wako,
Bernadi


Lituhi
4 Juni 1995

Mwanangu Albina,

Mimi ni Margareta. Kuandika nilijifunza kwenye elimu ya watu wazima, kwa hiyo ukikuta kosa uliruke. Bernadi amenieleza kwamba ulisimama mbele ya wataalamu ukawaambia jabali letu lilipigwa radi, na kwamba wamekupigia makofi. Nimefurahi. Mimi nimepigiwa makofi siku ya harusi tu.

Nilifika salama. Vichanja nilivikuta vimejengwa, vibaya, nikavibomoa nikajenga vyangu. Watu wananisalimu. Wengine wanazidisha salamu, wananisalimu asubuhi na tukikutana mchana wananisalimu tena. Nawaitikia zote.

Notburga hakunisalimu. Nilikaa siku nyingi namwona akipita na ndoo, anatazama mbele. Halafu akaja mwenyewe, jioni nageuza usipa. Akasimama. Nikamkaribisha, hakuketi. Akaniambia, "Mama, yule mwalimu anasema si wewe." Nikasema, "Si mimi." Akauliza, "Basi ni nani?" Nikamwambia hakuna mtu, mwanangu, ni mvua. Akamweka mtoto vizuri mgongoni. Kisha akasema, "Ulipokuwa ni wewe, nilikuwa najua pa kutazama. Sasa nikiamka usiku simwoni wa kumchukia, namwona Mansuetus tu."

Nilimpokea mtoto mgongoni kwake, naye akashika upande wa pili wa mkeka, tukageuza usipa mpaka wote ukaisha. Tangu siku hiyo anaanika kwangu. Hatuzungumzi sana. Mtoto ameanza kutambaa na anakula kila anachookota.

Ninalo moja la kukuambia, usilichukulie vibaya. Bernadi ameandika kwamba unataka kurudi kutoboa miamba mingine kuelekea Mbuji. Njoo, kitanda ni kilekile. Lakini safari hii, kabla hujawasha ile mashine, keti na watu uwaeleze unachotafuta. Ulikuwa na kibali cha wilaya, ukakionyesha, ukaona inatosha. Mimi sikukuuliza, nilidhani kuuliza mgeni ni ukosefu wa adabu. Siku walipouliza wao, nilisimama katikati yao sina la kusema, na nilikuwa nimekulaza nyumbani kwangu majuma matatu.

Sasa najua. Mchanga uligeukia kaskazini ukawa jiwe. Nimeshamweleza Notburga, naye ameshawaeleza wenzake kisimani, na wanabishana kama ni kweli. Njoo uwajibu mwenyewe.

Mama yako wa Lituhi,
Margareta